Mchanga wa Mambrui na ruhusa ya kutengeneza chipu

Swali

Shikamoo mama mhandisi. Nafundisha fizikia katika shule moja ya upili huku Ngomeni. Juzi tulikuwa kwenye somo la semikondakta, nikawaambia wanafunzi kwamba chipu huanza kama mchanga. Msichana mmoja akainuka: "Mchanga tunao kuanzia hapa hadi Mambrui, na Waitaliano wako hapa na mitambo yao tangu enzi za babu zetu. Mbona chipu zitoke Taiwan?" Mwenziwe naye akauliza: ikiwa Marekani inanunua simu kutoka China kila siku, kwa nini inainyima China mashine za kutengenezea chipu? Niliwaahidi jibu, na sikuwa nalo. Nisaidie.

Jibu

Marahaba, mwalimu. Msichana huyo mpe salamu zangu, maana swali lake linawakesha mawaziri wa nchi kubwa. Nitaanza na mchanga, ila sitakaa nao sana.

Ni kweli chipu ni silikoni, na silikoni imo kwenye mchanga. Lakini husafishwa hadi ifike asilimia 99.9999999, yaani katika atomi bilioni moja uchafu usizidi atomi moja hivi. Kisha hukuzwa ikawa gogo la fuwele moja, gogo likakatwa visahani vyembamba, na kila kisahani kikapitishwa mamia ya hatua za kuchora, kuchonga na kupaka, kazi ya miezi. Thamani yote imo humo. Wazee wa Lamu walipeleka boriti za mikoko Uarabuni karne kwa karne, na nyumba zilizoezekwa kwa boriti hizo zilijengwa na mafundi wa huko. Mti haukumfanya Mlamu kuwa mjenzi wa Basra. Kwa chipu kuna zito zaidi: fundi mwenyewe hayuko huru kumfundisha amtakaye. Amefungwa na sheria za silaha.

Hilo ndilo jibu langu, nalisema mapema ili lisipotee katika maelezo. Kiwanda cha chipu cha kisasa hakifuati mchanga, na hata mishahara nafuu hakiifuati tena kama zamani. Kinafuata ruhusa.

Chipu ya kwanza aliitengeneza Jack Kilby katika kampuni ya Texas Instruments mwaka 1958. Mwaka uliofuata Robert Noyce wa Fairchild akaja na njia iliyofaa kuitengeneza kwa wingi. Ilikuwa ghali mno kwa mtengeneza redio. Aliyeitaka ni yule aliyeumwa na uzito kuliko bei, yaani mtu wa makombora na mtu wa vyombo vya anga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu chipu zote za Marekani zilinunuliwa na serikali yake, nyingi zikaenda kwenye kompyuta ya Apollo, chombo cha kwenda mwezini, na kwenye kombora la nyuklia la Minuteman II. Viwanda vikajifunzia kazi kwenye fedha hizo, bei ikashuka, ndipo raia wakaingia. Leo mambo yamegeuka: jeshi la Marekani ni mteja wa asilimia moja au mbili tu ya soko, na simu yako ndiyo inayolipia kiwanda. Lakini jina la chipu lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la silaha, na halijafutwa.

Lilikolezwa wino mwaka 1972. Kwa miaka saba ndege za Marekani zilishambulia daraja la Thanh Hoa huko Vietnam kwa mamia ya safari, na daraja likabaki limesimama. Mwaka huo yakaja mabomu yanayoongozwa kwa mwanga wa leza, kazi ya Texas Instruments ile ile, na daraja likaanguka. Wapangaji wa vita wa kila upande walielewa: shabaha sasa inakaa ndani ya chipu.

Mwalimu, kuna jambo unaloweza kuwaonyesha wanafunzi wako bila kutoka Ngomeni. Binamu yangu ni mvuvi, na GPS yake ya mkononi iliingia maji ya chumvi, akaniletea. Nilipoifungua nilikuta ukungu mweupe umegandia miguu ya chipu. Nikaufuta kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikaitazama kwa lenzi. Chipu ya kipokezi ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Vipokezi vingi vya namna hiyo vinapouzwa kwa raia huwekewa ukomo: vikipita mita 18,000 kwenda juu, au mwendo wa mita 515 kwa sekunde, vinaacha kutoa majibu. Hakuna boti itakayofika huko. Kombora hufika. Mafundi hadi leo huuita ukomo wa CoCom, kwa jina la kamati ambayo Marekani na washirika wake waliianzisha mwaka 1949 kuzuia teknolojia isiwafikie Wasovieti. Kamati ilivunjwa mwaka 1994, mpango wa Wassenaar ukashika nafasi yake mwaka 1996, lakini ukomo umebaki ndani ya mfuko wa mvuvi wa Ghuba ya Ungwana, ambaye hajawahi kusikia hata jina lake.

Sasa nije kwa mwanafunzi wa pili, kwa sababu swali lake ndilo linalofungua la kwanza.

Ukinunua jahazi hujanunua fundi wa jahazi. Sheria za mauzo ya nje zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Simu ni jahazi, na mashine ya kutengenezea chipu ni fundi. Dunia ilijifunza somo hilo kwa uchungu mwaka 1987, ilipobainika kwamba kampuni tanzu ya Toshiba ya Japani, pamoja na Kongsberg ya Norwei, ziliwauzia Wasovieti mashine za kuchonga rafadha zinazoendeshwa kwa kompyuta. Hawakuuza nyambizi wala bunduki. Lakini rafadha iliyochongwa kwa usahihi haipigi kelele majini, na nyambizi isiyo na kelele haisikiki. Wabunge wa Marekani walikasirika hadi wakaivunja redio ya Toshiba kwa nyundo nje ya bunge lao. Kosa lilikuwa mashine, iliyoadhibiwa ni redio, lakini ujumbe ulifika.

Na mashine ni njia moja tu ya kuhamisha ujuzi. Nyingine ni karatasi, na ya tatu ni kichwa cha mtu. Kwa sheria ya Marekani, mhandisi akimweleza mgeni siri iliyodhibitiwa, hata kama wote wawili wamekaa meza moja huko Texas, amehesabiwa ameisafirisha hadi nchi ya yule mgeni. Maneno ni shehena. Tarehe 7 Oktoba 2022 ikaja kanuni kali zaidi: pamoja na kuzuia chipu za hali ya juu na mashine zake zisiende China, Marekani iliwakataza raia wake na wakaazi wake wa kudumu kuvisaidia viwanda vya China vinavyotengeneza chipu za kiwango fulani kwenda juu. Baadhi ya mafundi waliacha kazi ndani ya siku chache. Mashine zilibaki zimesimama pale pale, mikono iliyojua kuzirekebisha ikaondoka.

Haya nimeyagusa kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilihitaji kipaza mawimbi cha galiamu naitraidi, aina ya semikondakta, kwa ajili ya maabara, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Muuzaji wa ng'ambo alinitumia fomu kabla hata ya kunipa bei. Ni nani atakayekitumia? Katika jengo gani? Je, kitatoka Kenya? Nitie saini kwamba hakitaingia kwenye kombora, wala silaha ya nyuklia, wala ya kemikali. Nilisubiri miezi minne. Kilipofika, nikaomba maelezo ya kina ya namna kilivyopimwa, nikaambiwa hayo yanataka leseni yake peke yake. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nafundisha vijana kusikiliza satelaiti za hali ya hewa. Lakini galiamu naitraidi hiyo hiyo ndiyo moyo wa rada mpya za kijeshi, na aliyesoma fomu yangu hakuwa na namna ya kuuona uso wangu.

Taiwan je, ilipataje? Kwanza ilikuwa upande wa ndani wa uzio wa sheria hizi. Texas Instruments ilijenga kiwanda cha kuunganisha chipu huko mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1976 kampuni ya RCA ya Marekani ikaiuzia taasisi ya utafiti ya Taiwan teknolojia ya kutengeneza chipu, na vijana wa Taiwan wakaenda Marekani kujifunza ndani ya viwanda vyenyewe. Mwaka 1987 Morris Chang, aliyefanya kazi Texas Instruments kwa robo karne, akaanzisha TSMC, kampuni ya kutengenezea wengine chipu, kwa fedha za serikali ya Taiwan na za Philips ya Uholanzi, ambayo ilichukua zaidi ya robo ya hisa na kuleta ujuzi wake. Mashine, karatasi na vichwa vyote vilipita kihalali. Nchi iliyo nje ya uzio ingeweza kuwa na vijana werevu vivyo hivyo, na isipite hata kwenye mlango wa kwanza. Nami naamini Taiwan iliona mbali zaidi ya biashara: kiwanda ambacho dunia haiwezi kukikosa ni sababu ya kulindwa.

Ukitaka kuona ruhusa ikichagua mahali pa kiwanda mchana kweupe, itazame siku moja: 15 Mei 2020. Siku hiyo Marekani ilitangaza kwamba chipu iliyobuniwa na Huawei haiwezi kutengenezwa popote duniani kwa mashine au programu za Kimarekani bila leseni. Siku hiyo hiyo TSMC ikatangaza kujenga kiwanda Arizona cha dola bilioni 12. Huawei alikuwa mteja wake wa pili kwa ukubwa, na kufikia katikati ya Septemba ikaacha kumpelekea mzigo. Ahadi ya Arizona imekua hadi dola bilioni 165 mwaka 2025. Arizona ni jangwa na kujenga huko ni ghali kuliko Taiwan. Mhasibu peke yake asingepachagua.

Wakorea nao wanaishi katika hali hiyo. Samsung ina kiwanda kikubwa cha chipu za kumbukumbu Xi'an, na SK Hynix ina chake Wuxi, vyote China. Mwaka 2023 walipewa ruhusa ya kudumu ya kuingiza mashine za Kimarekani huko. Mwaka 2025 Marekani ikatangaza kuiondoa. Fikiria wewe ndiye unayeamua jengo jipya lijengwe wapi, ukijua kwamba mashine ikiharibika, kipuri chake kinasubiri muhuri wa Washington. Hata ruhusa ikija, ule wasiwasi peke yake umeshahamisha kiwanda.

Wanafunzi watauliza Washington inapata wapi mamlaka juu ya mashine ya Mholanzi. Ni swali zuri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mfano mzuri kuliko huu wa jinsi ujuzi uliohamishwa unavyobaki na kamba mguuni.

Mashine inayochora chipu zenye mistari midogo kuliko zote hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake matone ya bati iliyoyeyuka hudondoka 50,000 kwa sekunde, na kila tone hupigwa na leza likatoa mwanga wa urujuanimno uliokithiri, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo humezwa hata na hewa, kwa hiyo kazi yote hufanyika katika ombwe, na badala ya lenzi hutumiwa vioo vya Zeiss ya Ujerumani. Mashine moja ina uzito wa tani 180 hivi na husafirishwa kwa makontena yapatayo 40. Sasa sikiliza asili yake. Utafiti wa mwanga huo ulilelewa katika maabara za taifa za Marekani, zikiwemo Lawrence Livermore na Sandia, nyumba zinazojulikana kwa kazi ya silaha za nyuklia. ASML iliruhusiwa kujiunga mwaka 1999. Mwaka 2013 ikainunua Cymer ya San Diego, inayotengeneza chanzo cha mwanga wenyewe. Kwa hiyo moyo wa mashine ya Mholanzi unadunda California, na Marekani inapozungumza, Uholanzi inasikiliza. Tangu mwaka 2019 leseni ya kuipeleka China haijatoka, na mwaka 2023 Uholanzi na Japani zikaongeza vikwazo hata kwa mashine za kizazi kilichotangulia.

China haikukaa kitako. Agosti 2023 Huawei ilitoa simu yenye chipu ya nanomita 7 iliyotengenezwa na kampuni ya China ya SMIC kwa mashine za kizazi hicho cha nyuma. Mwezi huo huo China ikaanza kudai leseni kwa galiamu na jerimani (germanium), malighafi za chipu, zinazotoka kwake, ikijua fika rada za nani zinaihitaji galiamu. Leseni imekuwa silaha ya pande zote mbili.

Je, uzio unafanya kazi? Kwa viwanda, ndiyo, naona unafanya. Kwa chipu yenyewe, hapana, si sana. Mwaka 2022 RUSI, taasisi ya utafiti wa ulinzi ya London, ilichunguza mifumo 27 ya silaha za Urusi iliyotumika Ukraine, ikakuta ndani yake aina zisizopungua 450 za vipuri vya kigeni, vingi vya Kimarekani, na vingine vya kawaida kabisa, vya aina inayouzwa madukani. Chipu huingia mfukoni. Mashine ya tani 180 haiingii. Kwa hiyo nguvu ya udhibiti wa silaha haionekani sana kwenye uwanja wa vita, inaonekana kwenye ramani ya viwanda.

Sasa turudi nyumbani. Msichana wako amewataja Waitaliano, na amegusa penyewe. Ile mitambo iliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, San Marco na Santa Rita, ilirusha satelaiti kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, iliruka pale satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Satelaiti tisa kwa jumla, ya mwisho Machi 1988. Babu zao waliziona kwa macho. Lakini roketi ilikuwa Scout, ya Marekani. Waitaliano walifundishwa na NASA kuirusha, na hawakupewa ufundi wa kuiunda. Roketi ya mafuta makavu kama ile ni nduguye kombora, na ndugu huyo hauzwi ovyo. Scout ya mwisho ilipoondoka pale, mitambo ikanyamaza. Ikiwa Mtaliano, mshirika wa Marekani katika NATO, alipewa jahazi pasipo fundi, Mngomeni angepewa nini? Alipata kazi ya ulinzi, ya boti na ya jikoni. Na satelaiti yetu Taifa-1 iliporuka tarehe 15 Aprili 2023 iliondokea California, ilhali sisi tumekaa karibu na ikweta na jukwaa liko mbele ya macho yetu. Hilo hunichoma kila nipitapo barabara ya Gongoni.

Mwezi Mei 2024, katika ziara moja ya Rais Ruto huko Washington, Marekani ilitangaza mambo haya pamoja: Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, helikopta 16, magari ya kivita yapatayo 150, na nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza ya Afrika kunufaika na mfuko wa kimataifa ulio chini ya sheria yake ya chipu ya mwaka 2022. Sisemi kwamba moja lilinunua jingine. Nasema yalikaa kwenye karatasi moja, na hayo ndiyo mazoea ya biashara hii tangu Minuteman. Tunayo tayari kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, inayofanya kazi za nano na chipu kwa kiwango kidogo. Sisi wa pwani tuna kambi ya kijeshi ya Manda Bay kule Lamu, ambako Wamarekani watatu waliuawa Januari 2020. Usalama tunauchangia kwa ardhi yetu na kwa hofu yetu. Ni haki yetu kuuliza ujuzi gani unarudi.

Kiwanda kama cha TSMC hakitajengwa Malindi, na ningekuwa namdanganya mtoto nikisema kitajengwa. Kinataka maji ya mamilioni ya lita kwa siku, na maji ya Baricho hayatoshi hata mabomba tuliyo nayo. Kinataka umeme usiopepesa hata kidogo. Kinachowezekana kiko chini ya uzio: kupima na kufungasha chipu, na kubuni vihisio vya teknolojia ya zamani, ambayo leseni zake ni nyepesi na soko lake halijafa. Mkataba mpya wa Ngomeni, uliotiwa saini Trento mwaka 2016, una sehemu ya elimu na mafunzo. Naipenda sehemu hiyo. Ila kusoma picha ya satelaiti ni kazi moja, na kuunda sikio linaloisikia satelaiti ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo ningetaka iandikwe kwa maneno yasiyo na shaka.

Kwa somo lako lijalo, tafuta kipokezi cha GPS cha bei nafuu, vinapatikana kwa mafundi wa elektroniki Mombasa, na upakue karatasi yake ya maelezo. Mpe msichana huyo aitafute mwenyewe mistari ya mwinuko wa juu na mwendo wa juu. Akiipata, mwambie anipigie, namba yangu unayo.